Lori lilinigonga kwa nyuma karibu na Makupa: dai la bima tangu usiku ule hadi gari kurudi

Mwalimu wa Bamburi (mwanzilishi wa uzi)

Asalaam aleikum na habari za jioni kwa nyote. Niliwaahidi watu wawili humu kwamba nitaeleza yaliyonipata katika dai la bima ya gari langu, na leo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika kwa utulivu. Baada ya miezi minne ya kuhangaika na jambo hili, naamini kwamba dai la bima linasimama au linaanguka kwa maandishi, na maandishi mazito kuliko yote ni yale ya siku ya kwanza, wakati mikono bado inatetemeka na mtu hana hamu ya kuandika chochote.

Ilikuwa baada tu ya magharibi, mvua ya masika ikinyesha. Nilikuwa natoka Changamwe kuingia kisiwani Mombasa, na foleni ikasimama ghafla kabla ya kufika mzunguko wa Makupa. Tuktuk iliyokuwa mbele yangu ilisimama, nami nikasimama, lakini lori la makontena lililokuwa nyuma yangu halikusimama. Lilinigonga kwenye buti, likanisukuma hadi nikaigonga ile tuktuk, na abiria wake mmoja, mama wa makamo, akaumia mkono.

Aliyenifikia kwanza alikuwa taniboi wa lori. Alizungumza kwa adabu, akaniomba tusisumbuane na tuyamalize pale pale, akanitolea shilingi 15,000. Nilizitazama zile noti, kwa sababu gizani gari lilionekana limepasuka bampa na taa moja tu. Kesho yake asubuhi fundi alipoifungua bampa ya nyuma, tuliona boriti ya chuma iliyo ndani yake imeingia shimo la kutosha ngumi mbili, na sakafu ya buti imejikunja kama mkeka uliosukumwa na mguu. Isitoshe, mkataba wangu wa bima unanikataza kupatana na mtu yeyote bila idhini ya kampuni, kwa kuwa kampuni ikishanilipa ina haki ya kusimama mahali pangu na kumdai aliyenigonga. Ningalizipokea zile pesa, ningaliiuza haki ambayo haikuwa yangu peke yangu.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake, na aripoti polisi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Kabla magari hayajasogezwa nilipiga picha kwa simu: barabara nzima kutoka mbali, magari matatu yalivyopangana, matairi, na stika ya bima kwenye kioo cha lori. Nilipiga pia nambari ya kichwa na nambari ya trela. Wengi hawajui kwamba trela ina usajili wake wenyewe unaoanza na herufi Z, na cheti chake cha bima ni mbali na cha kichwa. Picha iliyonifaa kuliko zote niliipiga karibu kabisa: alama ya rangi yangu ya fedha kwenye chuma cha mbele cha lori, yenye urefu wa kiganja.

Yule mama tulimpeleka hospitali. Hapo nilikumbuka onyo la mkataba kwamba mwenye bima asikiri kosa, nikawa na wasiwasi hata wa kumjulia hali. Nataka kulisema hili waziwazi kwa sababu nimewaona watu wakimkimbia majeruhi kwa hofu ya bima: kusema pole si kukiri kosa. Pole tunampa hata mtu aliyejikwaa mlangoni kwake. Kinachokatazwa ni kuandika au kutamka kwamba mimi ndiye niliyesababisha, au kuahidi kulipa.

Kituoni, askari aliandika katika kitabu cha matukio kwamba gari dogo limeigonga tuktuk kwa nyuma na kumjeruhi abiria. Lori lilitajwa mwishoni, kama kwamba lilikuja baadaye. Nilimwomba kwa heshima anisomee alichoandika, kisha nikamwomba aandike kwa mpangilio wa matukio: lori liligonga gari dogo lililokuwa limesimama, na gari hilo likasukumwa likaigonga tuktuk. Alikubali bila ugomvi, kwa kuwa picha zilikuwa mkononi mwangu. Abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali, hutolewa kutokana na maandishi yale, na kila mtu atakayelishika dai lako, kuanzia karani wa bima hadi hakimu, ataisoma kwanza. Kama ningalichukua nambari ya OB tu, yaani ya kitabu kile cha matukio, na kuondoka, leo ningekuwa nadaiwa mimi.

Nilikosea jambo moja. Nilidhani sharti nipate abstrakti kwanza ndipo niiarifu kampuni ya bima, na siku sita zikapita. Mkataba unasema niarifu mara moja. Kampuni iliniandikia barua ikinitaka nieleze sababu ya kuchelewa, na maneno ya barua ile yalinionyesha kwamba walikuwa wanautafuta mlango wa kunikatalia. Niliwajibu kwa maandishi, nikaambatisha nambari ya OB yenye tarehe ya usiku ule ule. Walikubali, lakini wiki tatu zilikuwa zimepotea. Arifu siku hiyo hiyo kwa simu, kisha uthibitishe kwa ujumbe ulioandikwa. Abstrakti itafuata.

Habari za asesa, yaani mkaguzi anayekadiria hasara kwa niaba ya kampuni ya bima, na za gereji nitazieleza baadaye, kwa sababu ni ndefu na zina uchungu wake.

Mwenye Tuktuk, Likoni

Pole sana Mwalimu, na shukurani kwa kuandika. Mimi nina tuktuk mbili na zote nimezikatia bima ya watu wengine tu, ile tunayoiita thadi pati. Mwezi uliopita gari la mtu binafsi lilitoka kando ya barabara bila kutazama, likaigonga tuktuk yangu moja na kuvunja mkono wa mbele na bodi yote ya kushoto. Dereva wangu hakuumia. Nilipoenda kwa kampuni yangu ya bima waliniambia jambo hilo haliwahusu, na nilipoenda kwa kampuni ya aliyenigonga waliniambia nimlete mteja wao, naye mteja hashiki simu. Tuktuk ile ndiyo inayolipa karo. Naomba mnielekeze niuanzie wapi mwanzo.

Binti Tudor

Mzee wangu, nimefanya kazi katika ofisi ya wakala wa bima kwa miaka tisa, basi niruhusu nikujibu.

Kampuni yako imesema kweli. Bima ya watu wengine inawalinda wale unaowadhuru wewe. Haikitengenezi chombo chako. Sheria inayoilazimisha bima hiyo, yaani Sura ya 405, inahusu kifo na majeraha ya mwili, na inaweka kiwango cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Haimlazimishi mwenye gari kukata bima ya mali za watu. Hata hivyo mikataba mingi inaiongeza mali hiyo kwa kiwango fulani, na kwa hiyo jambo lako la kwanza ni kujua kama mkataba wa aliyekugonga una kipengele hicho. Chukua abstrakti yenye jina la kampuni yake na nambari ya mkataba wake, makadirio ya gereji, picha, na nakala ya kitabu cha tuktuk, uiandikie kampuni ile barua ya madai na nakala umpelekee mteja wao. Barua waipige muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo yenye muhuri ubaki nayo.

Wakinyamaza, anayeshtakiwa ni mwenye gari na dereva wake, kwa kuwa wewe na kampuni yao hamna mkataba baina yenu. Kwa hasara kama yako kuna Mahakama ya Madai Madogo hapa hapa Mombasa. Sheria yake ni ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na imetakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Nimewaona wenye magari wasioshika simu wakianza kuishika mara tu wanapopokea karatasi za mahakama hiyo.

Kuhusu yule mama aliyeumia, naomba Mwalimu amfikishie ujumbe. Ajaziwe na daktari fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, atunze kila risiti ya dawa, hata ya shilingi mia, na asikubali kusaini karatasi ya mtu aliyemfuata wodini akijidai anatumwa na wakili. Dai la majeraha lina miaka mitatu tangu siku ya ajali, hivyo ana nafasi ya kumtafuta wakili kwa hiari yake.

Mwalimu wa Bamburi

Ahsante sana dada. Ujumbe nimeufikisha, na P3 imeshajazwa.

Sasa habari za asesa. Gari langu nimelikatia bima kamili, ile inayolinda na gari lenyewe, kwa thamani ya shilingi 780,000. Gereji ilikadiria matengenezo kuwa shilingi 268,000. Asesa wa kampuni alikuja, akalizunguka gari kwa muda usiozidi dakika kumi na tano, akapiga picha akaenda zake. Makadirio yake yalipokuja yalikuwa shilingi 181,500.

Nilipandwa na hasira, lakini fundi wangu, mzee mwenye uzoefu mwingi wa bodi, aliniambia kwamba hasira haina safu katika karatasi ile. Tuliketi tukaziweka karatasi mbili kando kwa kando, mstari kwa mstari. Tofauti ilitoka mahali patatu. Gereji iliandika mlango mpya wa buti, asesa akaandika ule ule unyooshwe. Gereji iliandika taa mpya, asesa akaandika taa za eksi-Japani, yaani zilizotumika Japani. Na ile boriti ya ndani haikuwamo kabisa katika karatasi ya asesa, kwa kuwa alipokuja bampa ilikuwa imerudishwa mahali pake na hakuiona.

Kuhusu taa nilimkubalia, kwa sababu gari langu ni la mwaka 2010 na taa zilizotumika zinamulika vile vile. Kuhusu boriti sikumkubalia. Fundi aliifungua bampa, tukapiga picha tukiwa tumeweka rula kando ya chuma kilichoingia ndani, tukaandika barua fupi ya kuomba gari likaguliwe tena. Asesa alirudi, safari hii akapiga magoti na kutia tochi chini ya sakafu, na makadirio yakapanda hadi shilingi 214,000. Mlango wa buti alishikilia unyooshwe. Tusirudishe bampa mahali pake kabla ya asesa kufika. Gari lionekane kama lilivyoumia.

Katika fedha hizo mimi nilitakiwa kulipa ekses, ile sehemu ya hasara anayoibeba mwenye bima mwenyewe, ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, yaani shilingi 19,500. Nililipia gereji moja kwa moja, na kampuni ikalipa iliyobaki.

Dereva wa Kisauni

Naomba kuuliza, kaka. Nina gari dogo lenye bima kamili ya matumizi binafsi. Jioni na Jumamosi huwa nabeba abiria kupitia programu ya simu. Wakala aliyenikatia bima alisema hakuna neno, mradi niwe na leseni halali. Je, likitokea la kutokea nitalipwa?

Binti Tudor

Kaka, nakujibu bila kuzunguka: kwa hali hiyo kampuni ina sababu ya kukataa kukulipa gari lako. Mkataba wa matumizi binafsi hauhusu kubeba abiria kwa malipo, na neno la mdomo la wakala halibadilishi kilichoandikwa. Mpelelezi wa kampuni hatakuuliza wewe kwanza. Atamuuliza abiria alikuwa anaelekea wapi na kama alikuwa analipa nauli. Nenda ukaombe mkataba wa gari la kukodishwa. Malipo yake ni makubwa zaidi, najua, lakini pesa unazolipa sasa zinanunua karatasi isiyokuhusu saa unazofanya kazi.

Nimeguswa na swali lako kwa sababu nimewahi kukaa mezani na kijana aliyekuwa anangoja malipo ya gari la mkopo, nikawa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsomea barua ya kukataliwa. Hakuwa mwongo. Alikuwa amemwamini aliyemuuzia.

Niongeze jambo moja la thamani ya gari, maana ndilo linalowashtua watu wengi. Mtu mwenye gari la shilingi 900,000 analiandikisha kwa 600,000 ili apunguze malipo ya bima. Akipata hasara ya 150,000, kampuni inaweza kusema amelinda theluthi mbili tu ya gari, ikamlipa 100,000 na kisha ikaondoa ekses. Gari likaguliwe thamani kila mwaka mkataba unapofanywa upya, na ripoti ya ukaguzi uitunze. Tena gharama za matengenezo zikikaribia au kuvuka nusu ya thamani ya gari, kampuni nyingi huona heri kulihesabu kuwa limekwisha, wakakulipa thamani na kuchukua mabaki. Hapo thamani iliyoandikwa ndiyo kila kitu.

Mwenye Tuktuk, Likoni

Nimepeleka barua na imepigwa muhuri. Sasa dada, wakisema wanashughulikia, je, wana muda gani? Maana neno hilo la kushughulikia nimelisikia hadi limenichosha.

Binti Tudor

Sheria ya Bima, Sura ya 487, kifungu cha 203, inaitaka kampuni ilipe dai ndani ya siku 90 tangu liripotiwe. Ndiyo maana nasisitiza muhuri wa tarehe; bila huo kila mtu atazihesabu siku anavyopenda. Mwenye bima akizungushwa na kampuni yake, aanze kwa kumwandikia mkuu wa idara ya madai, ataje nambari ya dai na tarehe ya kuripoti, na aombe jibu la maandishi. Asiporidhika apeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima pamoja na nakala zote. Mamlaka haiwezi kukufanyia kazi kwa maneno matupu. Inataka kuona barua ulizoandika na ulizojibiwa. Wewe, mzee wangu, kwa kuwa unamdai mteja wa kampuni nyingine, usiziache siku hizo zikulaze. Mahakama ya Madai Madogo iko wazi kwako mara tu barua yako ya madai ikikosa jibu.

Mwalimu wa Bamburi

Namalizia sehemu yangu.

Gereji iliniita siku ya Alhamisi nikalichukue gari. Lilikuwa limeoshwa, rangi inang'aa, na karani alikuwa ameshaweka mezani hati ya kuridhika na kalamu juu yake. Hati ile ikisainiwa, kampuni huilipa gereji, na ukarudi na lalamiko utaonyeshwa saini yako. Yule fundi mzee alikuwa amenishauri niombe ndoo ya maji. Niliomba. Tuliimwaga taratibu juu ya mlango wa buti uliofungwa, tukangoja kidogo, kisha nikaufungua na kuinua zulia. Ndani ya shimo la gurudumu la akiba palikuwa na maji, yalifika nusu ya kidole changu, yakiendelea kuingia kwa mstari mwembamba kutoka kona ya kulia. Mlango ulionyooshwa ulikuwa haukai sawasawa kwenye mpira wake.

Sikusaini. Karani aliniambia kwamba magari mengine yanangoja nafasi na kwamba tatizo hilo litarekebishwa baadaye. Nilimjibu kwamba nitasaini baadaye hiyo hiyo. Nilipiga picha ya maji, nikaituma kwa afisa wa madai nikiwa bado nimesimama pale, na asesa akaombwa kulikagua gari baada ya matengenezo, jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla sijaitwa. Baada ya siku nne mlango uliletwa mwingine, uliotumika lakini ulionyooka, badala ya ule wa kunyooshwa tulioukataa tangu mwanzo.

Pia walinitaka nisaini hati ya kuachilia dai, yenye maneno ya malipo kamili na ya mwisho. Niliisoma mara mbili, nikaomba iandikwe wazi kwamba ni kati yangu na kampuni yangu tu, kwa kuwa nilikuwa bado namdai mwenye lori ekses yangu, gharama ya brekidauni (gari la kuvuta) na nauli za siku nilizokosa gari. Mambo hayo kampuni yangu haikunilipa, na sikutaka mtu aje kusema nimeyasamehe. Waliandika sentensi hiyo bila kunipinga.

Kampuni yangu sasa inaidai kampuni ya bima ya lori fedha ilizolipa. Mimi nilimwandikia mwenye lori barua yangu mwenyewe, nikaambatisha abstrakti na risiti tatu. Wiki iliyopita alinitumia kwa simu shilingi 19,500 za ekses na 8,000 za brekidauni. Nauli za teksi bado hajanijibu. Nimempa hadi mwisho wa mwezi, na fomu za Mahakama ya Madai Madogo nimekwisha kuzichukua.

Mwenye Tuktuk, Likoni

Mwalimu, naomba unionyeshe hizo fomu tukikutana. Mimi nitavuka na feri kesho asubuhi.

Mwalimu wa Bamburi

Karibu. Saa nne nitakuwa mjini, na uje na ile barua yenye muhuri.